Mwalimu wa Kilimo na Ugonjwa Unaoanzia Jikoni

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuacha mpaka mwisho nitapata nafasi ya kuupamba. Muhula uliopita nilisimama mbele ya wavulana thelathini na saba wa kidato cha tatu, mkononi nina kiberiti kitupu, ndani yake jani moja kavu la mbuni, nikasoma mada ya utafiti wangu kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Ugonjwa wa mibuni unaoanzia karibu na jiko."

Darasa lilicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti chake.

Asiyetoka kwetu hataelewa kicheko hicho. Huku kung'oa mbuni ni kosa. Kahawa ni mali ya taifa hata kama imeota mlangoni kwako, na mwenyekiti wa kijiji anajua una mibuni mingapi kuliko anavyojua una watoto wangapi. Mtu akitaka nafasi ya mgomba au ya maharage, hana ruhusa ya kushika shoka. Inabidi mbuni ufe wenyewe. Basi mama zetu huusaidia. Maji yakichemka wanayabeba na kuyamwaga shinani, leo kidogo, keshokutwa kidogo, na baada ya miezi kadhaa majani yanageuka rangi ya ugoro. Balozi wa nyumba kumi akipita, mama anashika kiuno na kusikitika: hii mibuni jamani, sijui imepatwa na nini. Watoto wote wa wakulima wanalijua jambo hilo na hawalisemi. Mimi nililisema darasani kwa sababu nilitaka watu wacheke.

Mwalimu wa Kilimo hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua kiberiti, akanusa lile jani, kisha akaandika kwenye daftari lake kwa penseli.

"Nimeipenda," akasema. "Kaa chini."

Woga wangu ulianzia hapo, na hadi ninapoandika haya, Jumamosi mchana, haujaniacha. Keshokutwa mwalimu anatakiwa mbele ya kamati mjini Bukoba, aeleze kwa nini aliua mibuni mitano hapa kijijini kwetu Kishanda. Hakuua hata mmoja. Na kwa kuwa watakaomhoji hawamjui, ngoja niseme ni mtu wa namna gani.

Ni mtu anayeogopa. Hilo ndilo la kwanza kila mvulana shuleni kwetu angekuambia. Anaogopa radi, na kuogopa radi ukiwa mkazi wa Bukoba ni sawa na kuogopa migomba. Ikianza kunguruma kutoka upande wa ziwa, mwalimu anaingia chini ya meza na somo linaendelea kutokea huko. "Andikeni," sauti inasema, "mzizi wa mgomba hauendi chini sana." Siku moja jua likiwa kali nilizunguka nyuma ya darasa nikapiga debe kwa nguvu zangu zote. Akaingia chini ya meza. Alipotoka alijipangusa magoti, akatazama dirishani, mbingu nyeupe kabisa, akasema aliyepiga debe aandike kurasa mbili kuhusu tofauti ya sauti ya debe na sauti ya radi. Hakuuliza ni nani. Jioni aliniona nikivuka uwanja, akasema tu, "Kesho asubuhi." Niliandika kurasa tatu. Bado sijui kwa nini niliongeza ya tatu.

Anaogopa pia magari ya serikali. Likipita barabarani anavua kofia, hata kama ndani yupo dereva peke yake anatafuna muwa. Anaandika kila kitu kwa penseli, mahudhurio, alama, hata barua za ruhusa, na tuliamini ni ili siku wakija kumuuliza aweze kufuta. Nilikuwa namwigiza bwenini: navua kofia nisiyokuwa nayo, nainama, nafuta ukuta kwa kidole. Nilikuwa hodari. Watu walikuwa wakinigawia mihogo yao ili niendelee.

Lakini mtu huyuhuyu anayeogopa dereva alikuwa hana huruma linapokuja suala la mada. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu lazima afanye utafiti wa kujitegemea, na walimu wengine huko shule nyingine huandika mada ubaoni na wewe unachagua kama anayechagua soda. Yeye hakubali. Hapokei mada iliyo kwenye karatasi. Unakwenda kwenu likizo, unarudi na kiberiti kitupu, na ndani yake kuwe na kitu. Kisha anakuuliza swali lake lile, ambalo ndugu zangu wa bwenini wanaliota usiku: "Swali lako linakaa wapi?"

Kijana mmoja wa Kashozi, mtoto wa katekista, alikuja bila kiberiti. Alikuja na sentensi. "Mchango wa zao la kahawa katika ujenzi wa taifa letu."

"Hii umeiokota redioni," mwalimu akamwambia. "Irudishe, wenyewe wataitafuta."

"Sasa mwalimu, kahawa si ipo kwetu?"

"Ipo. Inakaa wapi? Nyuma ya nyumba au mbele? Anayeichuma nani, baba yako?"

"Baba anafundisha dini."

"Basi anayeichuma nani?"

Kijana akafikiri. "Shangazi."

"Mchukue shangazi," mwalimu akasema. "Taifa liache kidogo."

Wengine walileta fukusi wa migomba, wengine udongo, na wavulana saba walileta senene, wakavunjwa moyo kwa kuambiwa wafanye kundi moja na wasiwale kabla ya kuwahesabu. Mmoja alileta kiberiti kisicho na kitu. Alipoulizwa akasema mada yake ni njaa. Tulianza kucheka, tukaacha wenyewe. Mwalimu alikifunga kile kiberiti polepole, kama kina mdudu anayeweza kuruka, akamwambia, "Wewe tutakaa nje tuzungumze." Walikaa nje vipindi viwili. Tangu siku hiyo yule kijana alikuwa akienda Kibeta, nyumbani kwa mwalimu, kila Jumapili, na hakuna aliyethubutu kumtania, hata mimi.

Kuna mambo yake mengine ambayo hayaungani, na mimi sijaribu kuyaunganisha. Anatoka Kibeta hadi shuleni akiisukuma baiskeli nzima yenye kengele. Haipandi. Anasema ukiipanda huoni mashamba ya watu. Kwa nini basi anakuja nayo? "Nikichoka," anasema, na hajawahi kuchoka. Anafundisha kahawa kwa miaka mingi lakini haionji, anasema inamwendesha moyo. Kwetu mgeni akikaa tu analetewa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, na kukataa ni kumtukana mwenye nyumba, kwa hiyo yeye anachukua punje moja, anashukuru, anaitia mfuko wa shati. Jumapili kanisani ukikaa karibu naye mfuko unalia kama kayamba. Hapimi kwa futi kamba. Anapima kwa uzi wake mwenyewe wenye fundo kila hatua moja, eti futi kamba ni ya shule na uzi ni wa kwake, na kitu cha kwako hukisingizii.

Na hajawahi kupiga mwanafunzi. Hilo nalo nilikuwa nalihesabu kuwa ni woga.

Basi baada ya kusema "nimeipenda", nilimfuata ofisini mara nne. Mara ya kwanza nilimwambia nimebadili, nataka senene.

"Senene wana watu saba."

Mara ya pili nikasema mibuni ya kwetu imepona. Akaniambia hilo ndilo la kuandika, imeponaje. Mara ya tatu nilijifanya mgonjwa. Mara ya nne nilikuwa nimeamua kusema ukweli, nikafika mlangoni, nikamkuta amesimama na bwana shamba, mtu mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, na mbele yao mezani kuna orodha ya mada zetu zote. Kila mwaka mwalimu huipeleka orodha ile ofisi ya kilimo kuomba ushauri, na kila mwaka hakuna anayeisoma. Mwaka huu imesomwa.

"Ndiye huyu?" bwana shamba akauliza. "Kijana, umeona jambo ambalo sisi hatujaliona. Unaanzia jikoni, eh? Huenda ni moshi. Huenda ni fangasi mpya kabisa. Kesho tunakwenda kwenu."

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa ameshavua kofia.

Katika Land Rover nilikaa katikati yao. Kutoka Bukoba hadi Kishanda ni mwendo wa kutosha mtu kutubu dhambi zake zote na za ndugu zake. Bwana shamba alizungumza njia nzima kuhusu mtu wa kijiji cha jirani aliyekata mibuni yake kwa panga na sasa yuko mahabusu. "Siku hizi huo ni uhujumu uchumi," alisema. "Hatuchezi." Mimi nilikuwa nahesabu. Leo Jumatano. Jumatano mama hafui wala hapiki mchana, lakini moto huwa unawaka.

Mama alikuwa nje ya jiko akimenya ndizi. Baba yuko Mwanza kazini, tunamwona Krismasi, kwa hiyo kibanja chote kiko mikononi mwake, migomba, maharage, mibuni, na sisi watano. Alipoona gari la serikali likisimama uani na mimi nikishuka katikati ya wanaume wawili, nadhani alifikiri nimeiba. Niliomba aendelee kufikiri hivyo.

Alipiga magoti kuwasalimu, kisu kikiwa bado mkononi. "Karibuni, waitu, ndugu zetu."

"Tumekuja kuona ugonjwa, Ma," bwana shamba akasema. "Mtoto wako ametugundulia ugonjwa."

Mama akanitazama. Nimewahi kutazamana na nyoka kwenye migomba. Ilikuwa afadhali.

"Upo," akasema taratibu. "Ugonjwa upo sana."

Mwalimu alitoa uzi wake, akanipa ncha moja. "Shika mlangoni pa jiko." Akaenda na ncha ya pili hadi mbuni wa kwanza uliokauka, akahesabu mafundo, akaenda wa pili, wa tatu. Mitatu ilikuwa imekufa, miwili ilikuwa njiani. Wa mbali kabisa ulikuwa hatua ishirini na mbili. Baada ya hapo mibuni yote ilikuwa ya kijani, imebeba mpaka matawi yameinama. Alisimama kwenye ile hatua ya ishirini na mbili akatazama mbele, akatazama nyuma. Akachutama. Nyasi za shinani zilikuwa zimekufa pia, duara lenye upana wa ungo. Akachukua udongo akaunusa. Kisha akainua macho, akaangalia kupitia mlango nilipokuwa nimesimama, akaona sufuria yetu kubwa ya harusi iko jikoni inatokota, na ndizi zote bado ziko nje.

Aliiangalia sufuria. Akamwangalia mama. Mama alikuwa ameacha kumenya.

Hapo uzi ukaanza kucheza mkononi mwangu. Nilidhani ni mimi ninayetetemeka. Nilibana mkono kwenye mwimo wa mlango ukatulia kabisa, lakini uzi uliendelea kucheza, na nikaelewa kwamba mtetemo unatoka upande wake.

"Unaonaje, mwalimu?" bwana shamba akauliza. "Mimi nasema tuchukue udongo upelekwe maabara. Halafu tupite nyumba kwa nyumba, kijiji kizima, tuone umefika wapi."

"Hakuna haja," mwalimu akasema.

"Kwa nini?"

"Mibuni hii nimeiua mimi."

Kuku walikuwa wanaparua majani ya migomba. Nakumbuka nilisikia kila ukucha.

"Wewe."

"Ni jaribio. Nilimwagiza mwanafunzi amwage maji ya moto shinani, tuone mizizi inastahimili kiasi gani. Nilitakiwa kuomba kibali. Sikuomba."

"Na mada ya ugonjwa?"

"Nilitaka aone dalili kwanza. Ni njia ya kufundishia."

Bwana shamba alitoa kalamu mojawapo, ile ya wino. "Mibuni mitano."

"Mitano," mwalimu akasema. Kofia ilikuwa kifuani, ameishika kwa mikono miwili. "Na uandike kwamba mtoto alitii tu. Mama yake hakujua."

"Unajua hili linaitwaje siku hizi?"

"Najua."

Mama aliingia ndani, akatoka na kikapu cha kahawa, akawapelekea wageni kama desturi. Bwana shamba alikataa, alikuwa anaandika. Mwalimu alichukua punje moja. Nilisubiri aitie mfukoni. Aliitia mdomoni akaitafuna, akameza mate, akachukua nyingine.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Inasema asifundishe mpaka kamati imsikilize. Darasani sasa anakuja mwalimu wa siasa, ambaye ametuandikia mada kumi ubaoni tuchague. Watu wamechagua. Mimi sijachagua, na bwenini siigizi tena mtu yeyote.

Juzi Alhamisi nilitoroka kwa miguu hadi Kibeta. Nilimkuta ukumbini akipiga pasi shati jeupe. Mke wake akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni shati la Jumatatu, na hiyo ni mara ya tatu analipiga pasi tangu asubuhi. Pasi ya mkaa ilikuwa imejaa makaa mekundu. Nilisimama mlangoni nikasema nimekuja kumwambia kwamba ile mada ilikuwa utani.

"Wavulana thelathini na saba wanacheka ugonjwa wa mibuni," akasema bila kuinua kichwa. "Ulidhani mimi nimezaliwa Ulaya?"

"Ulijua, mwalimu?"

"Nilijua kuna jambo. Sikujua ni maji mpaka niliponusa ule udongo."

"Sasa kwa nini uliikubali?"

Aligeuza kola. "Miaka yote hii mnaniletea maswali ambayo majibu yake mnayo. Wewe uliniletea moja ambalo hukuwa na jibu lake, ulikuwa na kicheko tu. Mwanamke anajua mbuni ndio unalipa ada ya mtoto wake, na anauchemshia maji. Kwa nini? Nikasema huyu mpumbavu akienda akamuuliza, atakuwa amefanya utafiti wa kwanza wa kweli katika shule ile. Kosa langu ni kuipeleka ile orodha ofisini. Niliipeleka kwa mazoea." Akasogeza pasi. "Umemuuliza?"

"Hapana."

"Basi bado huna mada."

Nikamuuliza Jumatatu atasema nini. Akasema atasema alichosema. Nikamwambia watamfukuza kazi, pengine na zaidi ya hapo. Akasema inawezekana. Halafu nikauliza la kijinga kuliko yote, nikauliza kama anaogopa.

"Sijalala tangu barua ifike," akasema. "Usiniulize tena hilo, nitaunguza shati."

Jana nilipanda basi la Muleba, linalopita Kishanda, bila ruhusa ya mtu. Mama nilimkuta palepale nje ya jiko. Nikachukua kigoda, nikatoa daftari na penseli, nikamuuliza kama mtu anayemuuliza mgeni: kwa nini unaichemshia mibuni maji? Nilidhani atanipiga kwa kile alichoshika. Aliendelea kumenya. Akasema kahawa inalipwa siku wanayotaka wao, na sisi tunakula kila siku. Akasema mgomba haukai kivulini. Akasema ule wa hatua ishirini na mbili ndio wa mwisho, hawezi kubeba sufuria ya moto zaidi ya pale, mgongo hautaki. Nikaandika vyote.

Kisha nikamwambia yaliyobaki: kiberiti, darasa lilivyocheka, kwamba hapakuwa na jaribio lolote, kwamba mtu yule alisimama kwenye kibanja chetu akadanganya kwa ajili yake, na kwamba Jumatatu atadanganya tena mbele ya kamati. Alimaliza ndizi zilizokuwa kwenye beseni. Akanawa mikono, akaikausha kwenye kanga, uso umemshuka kama siku tuliyopata simu ya maandishi kwamba babu amefariki. Alichosema baadaye ni hiki, na sijaongeza neno:

"Mibuni ni yangu, maji ni yangu, jiko ni langu. Mwanamume wa Kibeta anaingiaje hapo? Andika ni mimi. Ukimaliza unisomee, na Jumatatu tutapanda basi la kwanza wote wawili. Karatasi utaibeba wewe, maana nikiibeba mimi nitaitupa njiani."